Ulizo Lisilotimia: Chanzo na Usakaji wa Majibu Yasiyolingana ya Hifadhidata ya Leksika katika Majaribio ya Kiotomatiki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tatizo la majaribio ya kiotomatiki yanayofaulu leo na kushindwa kesho ilhali ulizo linaloelekezwa kwa hifadhidata halijabadilika hata kwa nukta moja. Hoja yetu ya msingi ni kwamba, katika hali nyingi, hitilafu hii haitokani na ukorofi wa kompyuta bali na ulizo ambalo halikutimia kimaana: muulizaji ametarajia zaidi ya kile alichokiuliza. Kwa kutumia jedwali dogo la vidahizo 12 vya Kiswahili, tunabainisha vyanzo sita vya majibu yasiyolingana, tunapendekeza utaratibu wa kuvisaka, na kuonyesha jinsi takwimu za kiisimu zinavyoweza kuharibika iwapo hitilafu hizi zitapuuzwa.

1.0 Utangulizi

Utafiti wa leksika ya Kiswahili umehama kwa kiasi kikubwa kutoka katika kadi na madaftari na kuingia katika hifadhidata za kompyuta. Mtunga kamusi, mchunguzi wa mofolojia na mwanafunzi wa uzamili anayehesabu mitokeo ya viambishi katika matini, wote hao sasa huuliza maulizo na kupokea majibu kutoka kwa programu. Kwa kuwa programu nazo hubadilishwa mara kwa mara, imekuwa desturi kuziwekea majaribio ya kiotomatiki. Jaribio la aina hii ni programu ndogo inayoweka data inayojulikana, inauliza ulizo, kisha inalinganisha jibu lililopatikana na jibu lililotarajiwa. Yakilingana, jaribio limefaulu, yasipolingana, limeshindwa.

Tatizo linazuka pale ambapo jaribio moja, likiendeshwa mara kumi, linafaulu mara tisa na kushindwa mara moja. Au linafaulu katika kompyuta ya mtafiti na kushindwa katika seva ya idara. Wengi hukabiliana na hali hiyo kwa kuliendesha jaribio upya hadi lifaulu, kisha kuendelea na kazi. Makala haya yanapinga desturi hiyo. Jaribio linaloyumba ni shahidi anayetoa kauli mbili. Hakimu hamwiti tena na tena mpaka atoe kauli inayompendeza, bali huuliza kwa nini kauli zimetofautiana.

Makala yamegawanyika katika sehemu sita. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza msingi wa kinadharia, ya tatu inaainisha vyanzo vya hitilafu, ya nne inapendekeza utaratibu wa kuzisaka, ya tano inajadili pingamizi zinazoweza kutolewa, na ya sita ni hitimisho.

2.0 Msingi wa Kinadharia

2.1 Uhusiano kama seti

Hifadhidata nyingi zinazotumika leo zimejengwa juu ya modeli ya uhusiano iliyopendekezwa na E. F. Codd mwaka 1970, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California. Katika modeli hiyo, jedwali linatazamwa kama uhusiano kwa maana ya kihisabati, yaani seti ya mistari. Seti haina wa kwanza wala wa mwisho. Codd alitaja waziwazi kwamba miongoni mwa mambo ambayo programu za wakati ule zilikuwa tegemezi kwayo, na ambayo yalipaswa kuondolewa, ni mfuatano wa data katika hifadhi, faharasa zilizopo, na njia inayotumika kuifikia data. Kwa maneno mengine, muulizaji aseme anachokitaka. Namna ya kukipata aiachie mashine.

Mwaka 1974 D. Chamberlin na R. Boyce walitoa maelezo ya lugha ya SEQUEL, iliyokusudiwa kuwawezesha watu kuuliza kwa tungo zilizokaribiana na Kiingereza. Lugha hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa SQL, ikasanifishwa Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987. Kwa mwanaisimu, SQL ni lugha yenye vishazi, viarifu na upeo wa maana. Hata hivyo, kufanana kwake na lugha ya kawaida kuna hatari yake: msomaji wa tungo zake huingiza dhana ambazo tungo zenyewe hazikuzibeba.

2.2 Utata na kutotimia

Ni muhimu hapa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Tuchunguze mifano hii:

(1) Ameona paa.
(2) Amefika.

Tungo (1) ina utata: paa anaweza kuwa mnyama wa jamii ya swala, au likawa paa la nyumba. Tungo (2) haina utata wa namna hiyo. Kiambishi a- hakina maana mbili, ya kiume na ya kike. Ni kwamba jinsi haikutajwa kabisa. Msikilizaji akidhani aliyefika ni mwanamume, na baadaye akagundua ni mwanamke, hawezi kuilaumu sarufi ya Kiswahili. Ni yeye aliyeongeza kisichosemwa.

Maulizo tunayoyajadili yana tabia ya tungo (2). Ulizo lisilotaja mfuatano halina utata. Halikutimia tu kuhusiana na mfuatano. Hifadhidata inayoleta mistari kwa mfuatano mmoja leo na mwingine kesho imejibu kwa usahihi mara zote mbili. Kilichokosea ni tarajio lililoandikwa katika jaribio, ambalo limebeba dhana isiyokuwamo katika ulizo.

2.3 Data ya mfano

Kwa ajili ya uchambuzi tutatumia jedwali lifuatalo, tulilolijenga kwa makusudi ya makala haya. Ngeli zimetajwa kwa kigezo cha umbo, na namba ni za mapokeo ya wanaisimu wa lugha za Kibantu.

Jedwali 1: Vidahizo 12 vya mfano

1. kaa: mnyama wa majini mwenye gamba, nomino, ngeli ya 9
2. kaa: kipande cha kuni kilichoungua, nomino, ngeli ya 5
3. kaa: keti, ishi mahali, kitenzi
4. Mungu: Muumba, nomino, ngeli ya 3
5. mungu: chochote kinachoabudiwa, nomino, ngeli ya 3
6. ng'ombe: nomino, ngeli ya 9
7. ngalawa: nomino, ngeli ya 9
8. nguzo: nomino, ngeli ya 9
9. paa: mnyama wa jamii ya swala, nomino, ngeli ya 9
10. paa: enda juu, kitenzi
11. haraka: kielezi
12. lakini: kiunganishi

Katika mistari ya 3, 10, 11 na 12 safu ya ngeli ni tupu, kwa kuwa vitenzi, vielezi na viunganishi havina ngeli. Katika SQL utupu huo huitwa NULL.

3.0 Vyanzo vya Majibu Yasiyolingana

3.1 Mfuatano usiotajwa

Chanzo cha kwanza, na kilichoenea zaidi, ni ulizo lisilo na kishazi cha ORDER BY, yaani kishazi kinachoamuru mfuatano. Tukiomba nomino zote za ngeli ya 9 katika Jedwali 1, tutapata vidahizo vitano. Katika jedwali dogo kama hili, mara nyingi vitakuja kwa mfuatano ule ule tulioviingizia, na mwandishi wa jaribio atauchukulia mfuatano huo kuwa kanuni. Kumbe ni sadfa ya uhifadhi.

Sadfa hiyo huvunjika kwa njia kadhaa. Katika PostgreSQL, mstari unaposahihishwa, nakala mpya huandikwa na ile ya zamani kuachwa hadi itakapofagiliwa. Hivyo kusahihisha maelezo ya ngalawa kunaweza kuihamisha ngalawa hadi mwisho wa orodha. Tena, tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, programu hiyo ikiwa inasoma jedwali kubwa kwa ajili ya maulizo mawili kwa wakati mmoja, ulizo la pili linaweza kuanzia katikati, pale lilipofika la kwanza, kisha likarudi kumalizia mwanzo. Aidha, kuongezwa kwa faharasa kunaweza kubadili njia ya usomaji. Ndiyo maana jaribio linaweza kufaulu kwa vidahizo 12 na kuyumba kwa vidahizo 40,000.

3.2 Mfuatano usiokamilika

Wapo wanaotaja mfuatano lakini wasiukamilishe. Tuseme tunaomba vidahizo vitatu vya kwanza kwa mpangilio wa alfabeti usiojali herufi kubwa. Cha kwanza ni haraka. Vinavyofuata ni kaa na kaa. Lakini ni kaa wapi wawili kati ya watatu? Ulizo limesema vipangwe kwa kidahizo, na kwa kidahizo watatu hao wamefungana. Hifadhidata ina uhuru wa kuleta wowote wawili, na kila uteuzi ni jibu sahihi.

Hapa homonimu, ambayo ni mada ya kawaida katika somo la semantiki, inageuka kuwa chanzo cha hitilafu ya programu. Dawa yake ni ile ile ambayo watunga kamusi wameitumia tangu zamani kwa kuandika namba ndogo juu ya kidahizo: kuongeza kigezo cha pekee kinachotenganisha waliofungana. Katika hifadhidata, kigezo hicho ni namba ya utambulisho ya mstari. Mfuatano hukamilika pale tu ambapo hakuna mistari miwili inayoweza kufungana.

3.3 Kanuni za alfabeti

Kutaja mfuatano kwa kigezo cha pekee bado hakutoshi iwapo hatujasema alfabeti yenyewe inapangwaje. Neno ng'ombe linatupa mfano ulio wazi. Alama ya ritifaa inaweza kuandikwa kwa herufi angalau tatu tofauti za Unicode: ritifaa iliyonyooka yenye msimbo U+0027, alama ya kunukuu iliyopinda yenye msimbo U+2019, na herufi U+02BC. Kwa jicho la msomaji ni kitu kimoja. Kwa mashine ni vitu vitatu. Programu nyingi za uandishi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumwuliza mwandishi. Hivyo mtu anayetafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka anaweza kuambiwa kwamba neno hilo halimo, ilhali analiona kwenye skrini.

Athari kwa mpangilio ni kubwa vilevile. Tukipanga ng'ombe, ngalawa na nguzo, tunapata matokeo matatu:

(3) a. Kwa thamani ya baiti, ritifaa iliyonyooka: ng'ombe, ngalawa, nguzo.
b. Kwa thamani ya baiti, alama iliyopinda: ngalawa, nguzo, ng'ombe.
c. Kwa kanuni inayopuuza ritifaa: ngalawa, ng'ombe, nguzo.

Neno moja limekuwa la kwanza, la mwisho na la katikati. Wala athari haiishii kwenye mfuatano. Tukiomba maneno yaliyo kati ya "nga" na "ngz", kanuni za (3a) na (3b) zitatupa maneno mawili, na ya (3c) itatupa matatu. Hesabu imebadilika kwa sababu ya alfabeti.

Kanuni hizi hutofautiana baina ya mifumo, na hata baina ya matoleo ya mfumo mmoja. Toleo la 2.28 la maktaba ya glibc, lililotolewa mwaka 2018, lilibadili kanuni za upangaji katika Linux kiasi kwamba faharasa za PostgreSQL zilizojengwa kwa kanuni za zamani zililazimu kujengwa upya. Pasipo kufanya hivyo, neno lililomo katika jedwali lingeweza kutoonekana linapotafutwa kupitia faharasa.

Suala la herufi kubwa ni sehemu ya tatizo hili. Watafiti wengi huendesha majaribio kwa SQLite, kwa kuwa ni nyepesi, ilhali kazi halisi inafanyika kwa PostgreSQL. Tukiomba vidahizo vinavyoanza na "mungu" kwa kutumia LIKE, SQLite, ikiachwa katika hali yake ya kawaida, haitofautishi herufi kubwa na ndogo za alfabeti ya Kiingereza. Italeta mistari miwili, wa 4 na wa 5. PostgreSQL inatofautisha, italeta mmoja. MySQL 8.0, kwa kanuni yake ya msingi, hupuuza ukubwa wa herufi na hata alama za lafudhi. Katika Kiswahili, tofauti baina ya Mungu na mungu ni ya kimaana, si ya mwandiko tu. Jaribio lililofaulu katika mfumo mmoja halitoi ushahidi juu ya mfumo mwingine.

3.4 Thamani tupu

Chanzo cha nne hakileti kuyumba kutoka saa hadi saa, bali huleta majibu yanayopingana baina ya maulizo. Tunauliza: ni vidahizo vingapi vya ngeli ya 9? Jibu ni 5. Tunauliza tena: ni vingapi ambavyo ngeli yake si ya 9? Jibu ni 3. Jumla ni 8, lakini jedwali lina vidahizo 12. Vinne vimekwenda wapi?

Ufafanuzi ni kwamba SQL inatumia mantiki ya thamani tatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Kulinganisha NULL na 9 hakuleti kweli wala si kweli; huleta haijulikani, na mstari wenye jibu hilo hauchaguliwi. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema kwamba kitenzi "si cha ngeli ya 9" na tungekuwa tumesema kweli. Kwa SQL hatuwezi kusema hivyo bila kutaja utupu waziwazi.

Aidha, utupu hauna nafasi moja katika mfuatano wa kupanda: PostgreSQL huuweka mwisho, ilhali MySQL na SQLite huuweka mwanzo. Orodha ya vidahizo vinne vya kwanza kwa mpangilio wa ngeli itakuwa na nomino tupu upande mmoja, na isiwe na nomino hata moja upande wa pili.

3.5 Masalia na miamala sambamba

Chanzo cha tano ni jaribio moja kuacha masalia yanayolikuta jaribio jingine. Jaribio la kwanza linaongeza kidahizo cha 13. La pili linahesabu na kutarajia 12. Yakiendeshwa kwa mfuatano mmoja yanafaulu, yakigeuzwa la pili linashindwa. Dawa ya kawaida ni kuliweka kila jaribio ndani ya muamala unaotenguliwa mwishoni. Dawa hiyo ni nzuri, lakini haifuti kila kitu: katika PostgreSQL, namba za utambulisho zinazotolewa kwa mfululizo hazirudi nyuma muamala unapotenguliwa. Kwa hiyo jaribio linalotarajia kwamba kidahizo kipya kitapewa namba 13 litafaulu mara ya kwanza, na kushindwa mara ya pili kwa kupewa 14.

Majaribio yanapoendeshwa sambamba, tatizo hupanuka. PostgreSQL huanza na kiwango cha utengano kiitwacho READ COMMITTED, ambacho kinaruhusu maulizo mawili ndani ya muamala mmoja kuona hali mbili tofauti, iwapo muamala mwingine umekamilika kati yao. MySQL, kwa hifadhi ya InnoDB, huanza na REPEATABLE READ, ambamo usomaji wa kawaida huona picha ile ile tangu usomaji wa kwanza. Jaribio linalohesabu mara mbili na kutarajia hesabu ile ile linategemea kiwango ambacho mwandishi wake huenda hakukitaja.

3.6 Wakati

Chanzo cha mwisho ni wakati. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya saa za ulimwengu kwa saa 3. Seva zinazotunza saa za ulimwengu huwa bado ziko katika tarehe ya jana kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kwa saa zetu. Jaribio linalouliza vidahizo vilivyoingizwa leo linaweza kufaulu mchana kutwa na kushindwa katika saa hizo tatu tu, hususan pale majaribio yanapopangwa kujiendesha usiku.

Kuna sura ya pili iliyofichika zaidi. Katika PostgreSQL, kitendaji now() hurudisha wakati muamala ulipoanza, si wakati amri ilipotekelezwa. Mistari mitatu iliyoingizwa ndani ya muamala mmoja hupewa wakati uleule. Sasa tukumbuke kwamba dawa ya sehemu ya 3.5 ilikuwa kuliweka jaribio zima ndani ya muamala. Jaribio linalopanga vidahizo kwa wakati wa kuingizwa litakuwa na mistari iliyofungana yote, na tutakuwa tumerudi katika tatizo la 3.2. Mfano huu unaonyesha kwamba vyanzo hivi havitengani; tiba ya kimoja inaweza kuzaa kingine.

4.0 Utaratibu wa Usakaji

Kutokana na uainishaji huu, tunapendekeza utaratibu wenye hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi ushahidi. Jaribio lihifadhi jibu zima lililoshindwa, si tangazo la kushindwa pekee.

Hatua ya pili ni kulinganisha jibu lililofaulu na lililoshindwa kwa viwango vitatu. Kama wanachama ni wale wale na mfuatano ndio uliobadilika, chanzo kitafutwe katika 3.1, 3.2 au 3.3. Kama idadi ni ile ile lakini wanachama wamebadilika, ishukiwe idadi iliyowekewa kikomo pamoja na mfungamano, kama katika mfano wa kaa. Kama idadi yenyewe imebadilika, yachunguzwe masalia, miamala sambamba, wakati, utupu, na ukomo wa alfabeti. Hatua hii peke yake hupunguza sana eneo la msako.

Hatua ya tatu ni kubadili mazingira kwa kitu kimoja kimoja. Jaribio liendeshwe peke yake, kisha pamoja na mengine, kisha kwa mfuatano uliogeuzwa, kisha sambamba. Likifaulu peke yake na kushindwa pamoja na wenzake, tatizo ni masalia au usambamba. Likiyumba hata peke yake, tatizo liko katika ulizo au katika saa.

Hatua ya nne ni kuandika hali ya mashine: aina na toleo la hifadhidata, kanuni ya alfabeti, ukanda wa saa, na kiwango cha utengano. Orodha mbili, ya kompyuta inayofaulu na ya ile inayoshindwa, ziwekwe kando kwa kando. Panapohusika ritifaa, neno litazamwe kwa misimbo yake, si kwa sura yake. Panaposhukiwa njia ya usomaji, amri ya EXPLAIN itaonyesha iwapo ulizo limepitia faharasa au limesoma jedwali zima.

Hatua ya tano ni kuamua pa kutengeneza, na hapa ndipo hukumu ya mtaalamu inapohitajika. Swali la kujiuliza ni hili: je, sifa iliyobadilika ni sehemu ya maana tuliyoikusudia? Kama mfuatano hauna maana kwetu, ulizo liachwe lilivyo na jaribio ndilo lirekebishwe ili lilinganishe seti, si orodha. Kama mfuatano una maana, kwa mfano katika kamusi itakayochapishwa, basi ulizo ndilo likamilishwe, na jaribio libaki kali.

5.0 Mjadala

Pingamizi la kwanza ni la kiutendaji: muda ni mchache, na jaribio likiendeshwa upya linafaulu. Jibu letu ni kwamba ulizo lililo katika jaribio kwa kawaida ndilo hilohilo linalotoa takwimu katika tasnifu, isipokuwa tu kwamba tasnifu haina anayeiendesha mara kumi. Turejee Jedwali 1. Nomino za ngeli ya 9 ni 5. Mtafiti anayegawanya kwa idadi ya mistari yote, 12, atasema ni asilimia 41.7 ya leksika yake. Anayegawanya kwa hesabu ya safu ya ngeli, ambayo huacha tupu, atagawanya kwa 8 na kusema ni asilimia 62.5. Zote mbili ni hesabu sahihi za maswali mawili tofauti: ya kwanza ni sehemu ya vidahizo vyote, ya pili ni sehemu ya nomino. Msomaji asiyeambiwa ni lipi lililoulizwa hawezi kuitathmini hoja, wala mtafiti wa pili hawezi kuirudia.

Pingamizi la pili ni kwamba yatosha kuweka ORDER BY katika kila ulizo. Ushauri huu una nafuu kidogo, lakini una kasoro mbili. Upangaji wa jedwali kubwa hugharimu muda na kumbukumbu bila faida pale mfuatano usipohitajika. Zaidi ya hayo, kama tulivyoona katika 3.2 na 3.3, mfuatano uliotajwa nusu huleta utulivu wa uongo: jaribio huyumba mara chache zaidi, na kwa hiyo huwa gumu zaidi kulikamata.

Pingamizi la tatu ni kinyume chake: kwamba jaribio lipange majibu lenyewe kabla ya kulinganisha. Njia hii inafaa pale tu mfuatano unapokuwa hauna maana. Pale unapokuwa na maana, jaribio la namna hiyo litafaulu hata kama programu inawaletea wasomaji kamusi iliyovurugika. Katika leksikografia ya Kiswahili mpangilio haujawahi kuwa jambo dogo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi yalikotokana, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikafuata herufi ya kwanza ya neno zima. Kila uamuzi ulikuwa na nadharia ya neno nyuma yake. Kuiachia kompyuta uamuzi wa nafasi ya ng'ombe ni kuiachia kazi ambayo ni ya mwanaleksikografia.

Ni kweli kwamba si kila jaribio linaloyumba lina chanzo katika ulizo. Mtandao hukatika na diski huharibika. Hata hivyo, mtafiti asianze huko. Hitilafu za mashine aghalabu huacha ujumbe wa kosa. Hitilafu tulizozijadili haziachi ujumbe wowote, kwa sababu kwa upande wa hifadhidata hakuna kosa lililotendeka.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba majibu yasiyolingana ya hifadhidata yanaweza kuchambuliwa kwa dhana ambazo wanaisimu wanazifahamu: kutotimia kwa maana, homonimu, othografia, ukanushi na rejeo la wakati. Kwa sababu hiyo, usakaji wa hitilafu hizi usiachiwe wataalamu wa kompyuta peke yao. Mtaalamu wa kompyuta anaweza kubaini kwamba safu ya ngeli ina utupu. Ni mwanaisimu anayejua kwamba utupu huo katika kitenzi maana yake ni "haihusiki", na katika nomino isiyochambuliwa maana yake ni "bado haijulikani", na kwamba mambo hayo mawili hayastahili kuwekwa kwa alama moja.

Tunapendekeza kwamba tasnifu na makala zinazotumia hifadhidata za leksika zitaje, katika sura ya mbinu za utafiti, mambo matano: aina na toleo la hifadhidata, kanuni ya alfabeti iliyotumika, umbo la ritifaa lililoteuliwa, jinsi thamani tupu zilivyohesabiwa, na kigezo kamili cha mfuatano. Tunapendekeza pia kwamba jaribio lolote linaloyumba lisifutwe wala kurudiwa mpaka tofauti ya majibu yake ielezwe kwa maandishi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa mtafiti wa leo, anayeuliza kupitia mashine isiyoongeza wala kupunguza neno, inambidi pia ahakikishe kwamba alichokiuliza ndicho hasa alichotaka kukijua.